Vita vya Rangi Katika Stoo Yangu

Binti yangu aliniambia habari ile nikiwa nakwangua rangi kuukuu kwenye dirisha, na nilishukuru kuwa na skrepa mkononi, maana mkono mtupu ungeonyesha nilivyoshtuka. Alikuwa na kazi. Kazi yenye meza, kiti kinachozunguka na kadi ya kuning'iniza shingoni. Akasema ameiacha tangu Ijumaa.

"Umeiacha kwa ajili ya nini?"

"Papa, tunatengeneza gemu."

"Gemu ya nini?"

"Ya kupigana risasi. Lakini..."

Hiyo lakini sikuingoja. Nilimwambia bunduki nimeziona za kweli, na za uongo sizitaki nyumbani kwangu. Nikaendelea kukwangua. Nilikwangua mpaka nikaingia kwenye mbao nzima isiyo na kosa lolote, na dirisha lile mpaka leo lina kovu.

Niseme mimi ni nani, ili msomaji asidhani anasomeshwa na profesa. Nilizaliwa ukimbizini upande wa Tanzania, shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Kiswahili nilikipata kwa watoto wenzangu. Kusoma nilikupata kwenye makopo ya rangi: nyeupe, maziwa, kahawia, anga. Nilipofika Kigali nilikuwa na brashi moja na kaka wa kuniazima ngazi. Leo nina mafundi saba na stoo Rwezamenyo, na nyumba nilizopaka ziko kuanzia Ndera hadi Busanza. Sisemi hivi kwa kujisifu. Au sawa, najisifu. Nani mwingine anisifu, ngazi?

Kesho yake binti yangu alirudi na kompyuta yake, akaiweka juu ya pipa la rangi ya maji, akasimama kati yangu na mlango. Ana umbo la mama yake akisimama hivyo, hupiti.

"Jana hukuningoja nimalize," akasema. "Tazama kwanza, halafu nifukuze."

Nikatazama. Kwenye kioo palikuwa na mtaa uliopanda mlima, ngazi za mawe, kuta, vibaraza na mabati. Watu wanne wa upande huu, wanne wa upande ule. Kila mmoja alibeba mgongoni bomba kama lile la mkulima anayepulizia viazi dawa. Bomba lilikuwa na midomo miwili, mmoja unatoa rangi, mwingine maji. Wa chungwa wanapaka mtaa chungwa, wa zambarau wanapaka zambarau, na maji ni ya kufuta rangi ya wapinzani. Muda ukiisha, waliopaka eneo kubwa zaidi ndio washindi.

"Na ukimpiga mtu?"

Akampiga mmoja. Yule mtu akageuka ndoo. Ndoo ikabingirika kwenye mteremko, ko-ko-ko, ikagonga ngazi, ikagonga ukuta, ikafika bondeni, na mtu akatoka ndani yake akiwa mzima, akajikung'uta, akaanza kupanda tena.

Nilicheka. Sikutaka kucheka, lakini ile ndoo ilinishinda.

"Hakuna anayekufa?"

"Hakuna anayekufa, Papa."

"Sasa kwa nini ulianza na neno risasi, mtoto wewe?"

Alichokuwa anataka ni nusu ya stoo yangu, ile nusu ya mbele yenye dirisha. Nikampa. Nilidhani atachoka baada ya mwezi.

Wenzake walikuwa wawili. Mmoja ni mchoraji, kijana mrefu aliyekulia Bujumbura, ambaye hawezi kunywa chai bila kuchora kikombe. Mwingine ni msichana wa Ndera, mkimya, ndiye anayeandika zile amri zinazoiambia kompyuta ifanye nini. Huyu alikuwa anafundisha chuoni, akaomba ruhusa. Binti yangu ndiye aliyewashika pamoja. Anagombana na wote wawili, anaamua, halafu anakwenda kununua sambusa.

Wiki ya pili nilisimama nyuma yao nikaona jambo lililoniudhi. Rangi yao ilikuwa ikipiga ukuta inabaki palepale.

"Rangi yenu imekufa," nikasema.

Mchoraji akageuka. "Imekufa vipi, muzehe?"

"Ukuta umesimama wima, rangi ni mbichi, na haiteremki. Imeganda kama ugali. Mmeona wapi?"

"Muzehe, ni gemu tu."

"Basi chora na mvua inayopanda juu."

Mchoraji akacheka, lakini yule msichana wa Ndera hakucheka. Alichukua kalamu akaniuliza, "Inateremka namna gani?" Hilo ndilo swali la fundi. Nikatoa ubao, nikausimamisha, nikaupiga rangi ya mafuta upande mmoja na rangi ya maji upande mwingine. Nikaongeza maji, nikapunguza. Yeye akapiga picha za video, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kuingia rangi. Nikamwonyesha tone linavyoanza nene, linavyosita, linavyopata uzito, halafu linakimbia ghafla, na linavyokunja ukingo wa ubao na kung'ang'ania chini yake kabla halijaanguka.

Alikaa siku kumi na moja juu ya tone hilo moja. Siku kumi na moja! Nimewahi kumfukuza fundi kwa kukaa siku mbili kwenye mlango. Lakini nilipomwona akifuta kazi ya asubuhi nzima kwa sababu tone linasita sekunde kidogo mno, nilitoka nje nikasimama barabarani, nikajisemea, hawa watoto wanafanya kazi. Nilikuwa nafikiri kazi ya kompyuta ni ya kukaa. Kumbe wao pia wanapiga msasa, wanapaka, wanakwangua, wanapaka tena, na mteja hatajua kamwe.

Tone lilipoanza kuteremka, gemu ilibadilika. Anayeshika juu ya mlima anapaka na chini bila kusogea, mlima unamfanyia kazi. Wakacheza siku mbili, aliyewahi juu alishinda kila mara. Binti yangu akashika kichwa. Mchoraji akataka kuusawazisha mtaa.

"Usawazishe Kigali?" binti yangu akamwambia. "Utaanzia wapi?"

Dawa aliipata mwenyewe, akiwa anatazama dirishani majirani wakipanda na madumu. Akasema rangi na maji vitajazwa bondeni tu. Juu una nguvu, lakini bomba likiisha sharti ushuke, na kupanda tena kunachosha. Basi, ikawa gemu ya watu wanaoishi mlimani. Mimi nimepaka nyumba miaka mingi kwenye milima hii nikiteka maji chini na kupaka juu, na haikunijia akilini kwamba hiyo inaweza kuwa raha ya mtu. Yeye iliingia akilini mwake akiwa anakula sambusa.

Mwanzoni mwa kiangazi aliniita pembeni. Kulikuwa na kampuni ya ng'ambo, ile inayochukua gemu na kuzisambaza duniani, na watu wake wawili walikuwa wanakuja Kigali. Wangekaa siku moja ukumbini, watazame watu wa kawaida wakicheza, waamue.

"Na wakikataa?"

"Mchoraji ameitwa kazini nchi za nje, anatakiwa ajibu. Yule mwenzangu ruhusa yake inaisha, chuo kinamtaka. Wamenisubiri sana, Papa. Siku hiyo ikienda vibaya kila mtu atashika njia yake."

"Na wewe?"

"Nitarudi kwenye kile kiti kinachozunguka, kama bado wananitaka."

Aliyasema bila kulia, na mimi nilipenda asilie, lakini usiku sikupata usingizi mzuri. Nimeona makundi ya mafundi yakivunjika. Mmoja akiondoka hawarudi, hata wakiahidiana namna gani. Mkono uliouzoea huwezi kuuazima kwingine.

Kabla ya wageni, binti yangu alitaka majaribio. Akasema anataka watu wasiojua gemu kabisa. Nikamwambia watu hao tunao wengi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, ulipokwisha na mkutano wa mtaa ulipokwisha, nikafungua milango ya stoo na kuwakaribisha majirani waje kama walivyo, na mafagio yao, majembe yao na matope miguuni. Asubuhi ile tulikuwa tumezibua mtaro na kufagia ngazi ndefu inayoshuka nyuma ya msikiti.

Wanane wa kwanza wakakaa. Upande wa chungwa alikuwemo mama mkuu wa mudugudu wetu, yaani kiongozi wa kitongoji, mwanamke mfupi ambaye hata polisi humsalimia wa kwanza. Wakaanza vizuri. Fundi cherehani aligeuka ndoo mara tatu, watu wakashangilia. Mwenye duka la chapati akapiga kelele, "Panda juu! Panda juu, mnashuka kufanya nini?" Chungwa walikuwa wanashinda.

Halafu mama mkuu akafika kwenye ngazi. Mchoraji alikuwa amezichora kwa kuangalia zetu, hata lile jiwe lililomeguka lilikuwepo. Mama mkuu akasimama. Akabadilisha mdomo wa bomba akaweka maji. Akaanza kuosha.

"Mama!" fundi wa pikipiki aliyekuwa upande wake akaruka kitini. "Unafuta rangi yetu!"

"Naiona."

"Ni yetu ya chungwa! Tunashinda!"

"Hii ngazi iko ya nani?" mama mkuu akauliza bila kumtazama. "Iko ya watu wote. Tumeifagia leo asubuhi."

"Hiyo ni ngazi ingine, mama! Hii iko kwa kompyuta!"

"Sasa kwa kompyuta ndiyo iwe chafu?"

Chungwa wakashindwa, kwa sababu ya ngazi. Fundi wa pikipiki akatupa pedi ya kuchezea mezani, akasema hatacheza tena na kiongozi wa serikali. Binti yangu akatabasamu, akadhani ni mama mmoja tu. Akaweka wanane wengine. Muda ulipoisha na washindi wakatangazwa, wanne kati yao hawakuachia pedi. Walibaki mle mtaani wakisafisha. Yule mwenye chapati akaosha duka zima lililofanana na lake, akaniuliza kama kuna sabuni. Kundi la tatu likawa hivyohivyo. Kila raundi iliishia kwa mtu kuuliza, "Sasa maji tunabonyeza wapi?"

Nadhani kwingine duniani mtu angeshinda akainuka. Kosa hili tungeweza kulifanya sisi tu.

Walipoondoka, wale watatu walikaa kama watu waliofiwa. Mchoraji akasema watu hawakuelewa. Binti yangu akasema waliwaeleza vibaya, wageni wa ng'ambo wataona watu wanashindwa kwa makusudi na watacheka. Mimi nikaingilia, kama kawaida yangu.

"Tatizo si wao. Mnachafua mtaa, mnahesabu, mnaondoka. Fundi wa rangi hapimwi kwa ukuta, anapimwa kwa sakafu aliyoiacha."

"Papa, hii si nyumba ya mteja. Ni mchezo wa kupiga. Watu wanataka kupiga."

"Wale waliokuwa hapa walitaka nini?"

"Wale ni majirani zetu!"

"Basi kama majirani hawakutoshi rudi ofisini leo, usingoje wageni."

Maneno hayo yalinitoka yakiwa tayari mabaya. Niliyaona usoni mwake yakifika. Alifunga kompyuta taratibu, akaenda kwake. Siku nne tulisalimiana kama watu wa ofisi mbili tofauti. Mimi si mtu wa kuomba msamaha upesi. Nilinunua sambusa nikaziacha mezani kwao, zikaliwa.

Siku ya tano nilimkuta binti yangu anaongea na wenzake amesimama, mikono hewani. Mimi nilikuwa kama nimewaambia waache kuchafua, na hilo lilikuwa wazo la kijinga, lingeua gemu. Yeye alikuwa na lake. Vita vibaki vita. Muda ukiisha, king'ora kilie, na palepale timu mbili ziwe moja. Wanane wote wapewe dakika mbili kuurudisha mtaa ulivyokuwa. Wakishindwa, ushindi wa aliyeshinda unafutwa, na wote wanaondoka mikono mitupu.

"Kwa hiyo yule uliyemgeuza ndoo mara tatu," mchoraji akasema polepole, "sasa unamwomba akushikie ngazi."

"Ndiyo."

"Yewe!" Akaanza kuchora hapohapo.

Msichana wa Ndera akahesabu kwa vidole. "Hiyo ni kazi ya miezi miwili. Tuna wiki tatu."

Hapo mimi niliogopa. Nilimwambia binti yangu aache, aonyeshe ile iliyopo, iliyokamilika. Huwezi kubadilisha rangi ya nyumba mteja akiwa ameshafika getini. Akanitazama.

"Papa, wewe ndiye uliyesema majirani wanatosha."

Nilihamisha mafundi wangu wakafanyie maandalizi yao nje, nikazima redio, nikawa napika chai. Mimi, mwenye mafundi saba! Wiki tatu nilipika chai na kuona watu watatu wakifanya kazi ya sita. Mchoraji alichora upya kila ukuta mara mbili, mchafu na safi. Binti yangu alicheza dakika zile mbili mara nyingi mpaka kidole gumba kikavimba, akakifunga kitambaa, akaendelea. Alikuwa anatafuta mahali panapochosha ili apaondoe. Sijawahi kumsifu mtu kazini, naamini sifa humlegeza fundi. Lakini pale jikoni nilimsifu peke yangu.

Siku ya ukumbi nilivaa koti. Wageni walikuwa mwanamke mwenye mvi na mwanamume mwenye daftari. Walisalimia, wakakaa nyuma, hawakucheka wala kukunja uso. Watu wengi walikuja, wanafunzi, madereva wa pikipiki, wafanyakazi wa benki, kina mama waliosikia kwa mama mkuu. Wanane wakakaa, wakaanza kupigana, na ukumbi ukawa kama uwanja wa mpira.

"Ndoo! Ndoo! Amekuwa ndoo!"

"Shuka ujaze, bomba lako kavu!"

"Dada, unampaka mwenzako!"

"Mwenzangu alininyang'anya kiti, acha apakwe!"

King'ora kikalia. Watu hawakuelewa. Halafu maandishi yakatokea, na dada mmoja wa benki akasema kwa sauti, "Ah, umuganda!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wakaingia kazini. Wa zambarau wakaita wa chungwa, gawaneni, nyinyi juu sisi chini. Wakamaliza sekunde thelathini zikiwa zimebaki.

Lakini gemu haikuisha. Saa ikaendelea kuhesabu. Kioo kikasema bado kuna uchafu. Wakazunguka, wakatafuta, wakaona: doa moja la zambarau, dogo kama kiganja, chini ya ukingo wa ngazi, upande wa ndani, mahali ambapo maji ya bomba hayafiki. Msichana wa Ndera aliyekuwa karibu nami akaziba mdomo. Lilikuwa kosa lao. Rangi haikutakiwa iweze kufika pale.

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa amegeuka kuwatazama wageni. Miezi yote ile, watu wale wawili nyuma, na doa kama kiganja.

Wanane wakakusanyika kwenye ngazi ile. Mmoja akapiga maji kutoka chini, yakagonga jiwe. Mwingine akaruka. "Wewe ndiye uliyepaka hapa!" "Mimi? Mimi nilikuwa ndoo muda wote!" Kumi na tano. Watu ukumbini wamesimama wote, wanaelekeza, wanapiga meza. Kumi. Ndipo dereva mmoja wa pikipiki akasema, "Mimineni juu, wote pamoja, iteremke yenyewe." Wakapanda, wanane, wakafungulia mabomba mahali pamoja. Maji yakawa mazito, yakakunja ukingo, yakang'ang'ania chini ya jiwe, yakatambaa mpaka kwenye doa. Likatoka zikiwa zimebaki sekunde mbili.

Sijui kueleza kelele zile. Watu waliokuwa wakipigana dakika tano nyuma walikuwa wamekumbatiana, na dada wa benki alikuwa amempanda dereva mgongoni.

Mwanamke mwenye mvi akamwita binti yangu. Mimi Kiingereza sijui, lakini nilisogea, na baadaye nilihakikisha kwa mchoraji yale yaliyosemwa. Aliuliza, lile doa mliliweka kwa makusudi? Ni jambo zuri sana.

Ningekuwa mimi ningesema ndiyo. Nawaambia ukweli. Ningesema ndiyo, mama, tulilipanga.

Binti yangu akasema, "Hapana. Ni kosa letu. Tutalirekebisha."

Mwenye daftari akaandika. Mwanamke akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa. Wakasema wataiachia gemu kwa watu wasiotujua, nchi mbalimbali, siku kumi. Baada ya hapo watajibu. Walipoondoka mchoraji alimwomba msichana wa Ndera aliache lile doa, kwa kuwa wamelipenda. Akamjibu, "Wamependa kosa, bado ni kosa," na kabla ya jioni alikuwa ameliondoa. Nilimpikia chai ya maziwa matupu.

Siku kumi zile binti yangu alinisomea waliyoandika watu. Mengi ya mwanzo yalikuwa matusi. Mmoja alisema hajawahi kuona upuuzi kama huu, vita vinavyoisha kwa ufagio. Mwingine alisema anasafisha nyumbani kwa mama yake inatosha. Wengi walikuwa wanatoka king'ora kilipolia, na waliobaki walishindwa kumaliza kwa uchache wao, ushindi ukafutwa. Binti yangu aliacha kula.

Siku ya nne akanisomea sentensi ya mtu wa nchi yenye theluji, aliyemwandikia mwenzake: umeondoka tukiwa na ngazi nzima bado chafu, tunakujua, usirudi timu yetu. Nikamwambia asome tena. Akasoma. Mama mkuu wa mudugudu angeweza kuyaandika maneno yale, kwa herufi zilezile. Siku ya sita yakawa mengi ya namna hiyo. Watu walikuwa wanawasema wanaotoroka, wanafundishana kona za kuanzia, wanapongezana na waliokuwa wakipigana nao. Mmoja alisema anacheza vita haraka ili afike kwenye usafi. Bado wako waliosema ni upuuzi, na pengine kwao ni upuuzi. Lakini siku ya kumi walikuwa wanabaki wengi kuliko wanaotoka.

Halafu jibu la kampuni halikuja. Siku mbili, tatu, wiki. Mchoraji alikuwa hajajibu ile kazi yake ya nje. Chuo kilikuwa kimempigia simu msichana wa Ndera. Mimi nikaenda kupaka nyumba Busanza, kwenye zile nyumba zilizopangwa safu safu.

Nilikuwa juu ya ngazi asubuhi ya Jumatano nilipowaona wakishuka kwenye pikipiki tatu. Binti yangu, msichana wa Ndera, na mchoraji mwenye karatasi kubwa kwapani. Hakuna aliyenisalimia. Walisimama katikati ya njia, wakatazama safu za nyumba, vibaraza vinavyotazamana, ngazi za saruji kati ya ghorofa na ghorofa, mifereji ya mvua. Mchoraji akakaa chini kwenye vumbi akaanza kuchora.

"Hapa watajificha vizuri," akasema.

"Lakini bonde liko wapi?" msichana wa Ndera akauliza. "Maji yatoke wapi?"

"Kwenye matangi ya mvua," binti yangu akasema. "Kila paa na tangi lake. Utaona watakavyogombania."

Nikashuka vidato viwili. "Mnafanya nini kwenye kazi yangu?"

"Tunachora mtaa wa pili, Papa," binti yangu akasema, bado anatazama mapaa. "Kampuni imekubali, na imeuomba uwe tayari kabla ya mvua."

"Wote watatu?"

Mchoraji akainua kichwa. "Muzehe, wale wa kazi ya nje niliwaandikia jana. Niliwaambia nina kazi. Na huyu amekiambia chuo hivyohivyo."

Nilirudi juu ya ngazi kwa sababu uso wangu ulikuwa hautaki kutazamwa. Nikachovya rola, nikapaka pale nilipokuwa nimeshapaka. Chini niliwasikia wakianza kugombana kuhusu upana wa vibaraza, sauti tatu kwa pamoja, na msichana wa Ndera akirudi nyuma ili aone vizuri zaidi.

"Usiegemee hapo!" nikampigia kelele. "Bado mbichi!"

Alikuwa ameshaegemea.